Sababu Ikifa, Mstari Hubaki

Ndani ya kerneli ya Linux, yaani ile sehemu ya ndani kabisa ya mfumo endeshi inayogawa kumbukumbu, kupanga zamu za programu na kuzungumza na vifaa kwa niaba ya programu nyingine zote, kulikuwapo hadi mwaka 2020 makro moja iliyotamka jambo ambalo mtoto wa shule angelicheka: kwamba x ni sawa na x. Makro ni jina fupi ambalo, kabla ya msimbo kutafsiriwa, huondolewa na mahali pake pakawekwa maandishi mengine, na hii ilipofumuliwa kilichobaki kilikuwa kigeu kinachopewa thamani yake chenyewe, thamani ambayo wakati huo kilikuwa bado hakijaipata. Hakuna kilichokokotolewa wala kilichohifadhiwa. Mstari huo haukuandikwa kwa ajili ya prosesa, wala haukumlenga msomaji. Ulimlenga mhusika wa tatu anayesimama kati yao, kompaila, ambayo ilikuwa na mazoea ya kuonya kwamba kigeu fulani huenda kikatumiwa kabla ya kupewa thamani, hata pale ambapo mwandishi wa msimbo alijua kwa hakika kwamba njia ya kuifikia hatari hiyo haipo. Kuandika x = x kulikuwa namna ya kuiambia ikae kimya. Nayo ilitii, ila ilitii kwa ukimya usio na mwisho: siku mtu mwingine alipokuja kubadilisha msimbo ule na njia ya hatari ikafunguka kweli, onyo ambalo lingemsaidia lilikuwa limekwisha kuzibwa mdomo zamani, na aliyeliziba alikuwa na haki kamili ya kufanya hivyo wakati wake.

Kompaila ni programu inayosoma msimbo ulioandikwa na binadamu, ambao kwa upande wa kerneli ni wa lugha ya C karibu wote, na kuugeuza kuwa amri ambazo prosesa inaweza kuzitekeleza. Kerneli na kompaila ya C ni mambo yaliyolelewa pamoja tangu mwaka 1973, pale mfumo wa Unix ulipoandikwa upya kwa C katika maabara za Bell, katika zama ambazo wengi walidhani kwamba mfumo endeshi hauwezi kuandikwa ila kwa asembli, lugha inayotaja amri za prosesa moja baada ya nyingine. Richard Stallman alitoa kompaila ya GCC mwaka 1987, na miaka minne baadaye Linus Torvalds, akiwa mwanafunzi huko Helsinki, aliitumia kuijenga Linux yake ya kwanza. Utegemezi huo haukuwa wa juujuu. Lugha ya C kama ilivyosanifiwa haikusema lolote kuhusu mambo ambayo kerneli haiwezi kuishi bila hayo: namna ya kupenyeza amri ya asembli katikati ya msimbo wa C, namna ya kuamuru kwamba usomaji huu wa kumbukumbu usitangulizwe wala usicheleweshwe, namna ya kupanga kipande fulani cha msimbo kikae mahali fulani pa kumbukumbu. Pengo hilo lilijazwa na nyongeza za GCC, na kila nyongeza ilikuwa makubaliano ambayo hayakuandikwa katika sanifu yoyote, bali yalijulikana na pande mbili tu, na pande zote mbili zilikuwa zikibadilika kila mwaka.

Kutokana na makubaliano ya namna hiyo huzaliwa mistari ambayo kisa chake hakihusiani na kazi ya kerneli hata kidogo. Matoleo ya GCC 4.1.0 na 4.1.1, kwa mfano, yalitafsiri vibaya kipande cha msimbo kilichotangazwa kuwa cha akiba, yaani kile kinachotakiwa kukaa pembeni iwapo kingine chenye jina hilohilo kitapatikana, na kwa hiyo kerneli ikawekewa sharti la kukataa kabisa kujengwa kwa matoleo hayo mawili. Matoleo ya 4.6 na 4.7 yalikuja na kosa jingine: yaliweza kusahau agizo la kusoma kumbukumbu mara moja tu pale kinachosomwa kilipokuwa rundo la thamani badala ya thamani moja, na makro iliyokuwa ikibeba agizo hilo, ACCESS_ONCE, ikabidi itafutiwe mbadala kuanzia mwaka 2014 na kung'olewa pole pole, mahali baada ya mahali, hadi ilipotoweka mwishoni mwa 2017. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na kerneli yenye umri wa zaidi ya miaka thelathini imeumwa na nyoka wengi kiasi kwamba sehemu nzima za msimbo wake ni kumbukumbu za mshtuko. Palikuwa na faili la mambo ya GCC ya 3, jingine la GCC ya 4, na jingine la GCC ya 5, kila moja likihifadhi tahadhari za zama zake, mpaka yalipounganishwa kuwa faili moja mwaka 2015, baada ya kudhihirika kwamba kila toleo kubwa jipya lingehitaji faili jipya linalonakili karibu yote yaliyomo katika lililotangulia.

Fundi anayemwaga zege la ghorofa huliegemeza kwa mirunda, ile miti mirefu inayosimamishwa chini yake hadi likauke, na hakuna anayehitaji kueleza mirunda hiyo ni ya nini, kwa sababu zege bichi linaonekana kwa macho na siku za kukauka zinahesabika kwa vidole. Ikiondolewa mapema, zege huanguka. Isipoondolewa, chumba hakikaliki. Ugumu wa kerneli ni kwamba mirunda yake imepakwa rangi ileile ya ukuta. Mstari uliowekwa kuzuia kosa la kompaila la mwaka fulani unafanana kwa sura na mstari unaoshikilia jengo zima, na mara nyingi maelezo yaliyoambatana nao, kama yapo, yanasema tu kwamba usiondolewe. Inapofika hapo swali la usafi, yaani la kuondoa mistari isiyohitajika tena, linaacha kuwa swali la ufundi na kuwa swali la ushahidi: nani aliyeona hatari hiyo, aliiona katika toleo gani, na kuna mtu yeyote duniani ambaye bado anatumia toleo hilo?

Hakuna kisa kinachoonyesha uzito wa swali hilo kuliko kile cha asm goto, jina la nyongeza ya GCC inayoruhusu kipande cha asembli kilichomo ndani ya msimbo wa C kuruka moja kwa moja hadi mahali pengine katika msimbo huo. Nyongeza hii iliingia katika GCC mwaka 2010, na watunzaji wa kerneli waliipenda kwa sababu inawezesha swichi ambazo zikizimwa hazigharimu karibu chochote: badala ya kuuliza kila mara kama swichi imewashwa, kerneli hubadilisha amri yenyewe ilipo, na mtiririko ukaruka au ukapita bila kuulizwa. Mwaka 2013 iligundulika kwamba GCC, katika mazingira fulani, ilizalisha amri zisizo sahihi pale ilipokutana na asm goto. Dawa iliyopatikana ilikuwa ya ajabu: mara tu baada ya asm goto, kuandikwe tamko jingine la asembli lisilo na kitu ndani yake. Tamko hilo tupu halizalishi hata amri moja ya prosesa; ukiifungua programu iliyokamilika na kuisoma amri kwa amri, huwezi kuiona alama yake. Kazi yake ni kusimama tu, ili kompaila ikifika hapo isiendelee kuchanganya yaliyo upande huu na yaliyo upande ule. Tahadhari hiyo ikafungwa ndani ya makro, na makro hiyo ikasambaa kila mahali asm goto ilipotumika.

Miaka ikapita. GCC ilirekebishwa, kerneli ikaacha kuyakubali matoleo yenye kosa, na kwa kufuata mantiki yote iliyo sawa, lile tamko tupu likaondolewa ndani ya makro kama takataka ya kale. Makro yenyewe ilibaki, ganda lisilo na kiini, kwa kuwa hakuna aliyeona haraka ya kuyabadilisha mafaili yote yaliyoitaja. Halafu, Februari 2024, ikaripotiwa kwamba matoleo mapya ya GCC yanazalisha amri mbovu katika aina moja ya asm goto, ile inayotoa pia thamani, aina ambayo haikuwapo kabisa wakati tahadhari ya kwanza ilipoandikwa. Na dawa yake? Lile tamko tupu lilelile. Torvalds hakulirudisha kama lilivyokuwa, bali aliipa makro jina jipya na kuifunga kwa aina hiyo moja tu, akiziacha nyingine zote zitumie asm goto waziwazi, na kwa hiyo katika siku moja usafi ulikamilishwa na tahadhari ikafufuliwa. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo, walisema wahenga; lakini itakuwa dhuluma kusema kwamba aliyeondoa tamko tupu alikosea, kwani kosa ambalo tamko hilo lililizuia lilikuwa limekufa kweli. Lililorudi lilikuwa kosa jingine lenye sura ya lile la kwanza, na laiti tahadhari ya zamani ingaliachwa, kosa hilo jipya lingeendelea kujificha nyuma yake, halirekebishwi kwa sababu halionekani, na GCC ingebaki na ugonjwa ambao hakuna aliyemwambia daktari wake.

Hapo ndipo panapofaa kutenganishwa mambo mawili ambayo msafishaji huyakuta yamechanganywa kapu moja, nayo ni kosa la kompaila na tabia ya kompaila. Kosa hupona. Tabia, kama isemwavyo, haina dawa. Mwaka 2009 iligundulika kwamba kidhibiti kimoja cha mtandao katika kerneli, kinachoitwa tun, kilisoma kwanza kitu kupitia kielekezi, yaani kigeu kinachobeba anwani ya kumbukumbu, kisha mstari uliofuata ukauliza kama kielekezi hicho ni kitupu, na kikiwa kitupu kazi isitishwe. Mpangilio huo ulikuwa wa kinyume, ni kweli, lakini mwanadamu anayeusoma angeona angalau kwamba kinga ipo, ingawa imechelewa. GCC haikuona hivyo. Kwa mujibu wa sanifu ya C, kusoma kupitia kielekezi kitupu ni tendo ambalo sanifu haiweki dhamana yoyote juu yake, na kwa hiyo, ilijadili kompaila, ikiwa programu imekwisha kusoma kupitia kielekezi hiki, basi hakiwezi kuwa kitupu, na ikiwa hakiwezi kuwa kitupu, swali linalofuata ni la bure. Ikalifuta. Kinga iliyoandikwa katika msimbo haikuwamo katika programu iliyojengwa, na pengo hilo likawa mlango ambao mshambuliaji angeweza kuupitia hadi kuitawala mashine nzima. Ni vigumu kuona kompaila ilikosa wapi. Kila hatua ya hoja yake ni halali. Jibu la watunzaji wa kerneli lilikuwa kuongeza katika kanuni za ujenzi agizo linaloikataza GCC kufuta maswali ya namna hiyo, na agizo hilo si kiraka cha toleo fulani bali ni mwafaka kati ya pande mbili zenye falsafa tofauti: mmoja unaamini kwamba sanifu ndiyo ukweli wote, mwingine unajua kwamba katika mashine halisi anwani sifuri ni anwani kama nyingine. Anayesafisha kerneli akiliona agizo hilo, lenye umri wa miaka mingi na lililozaliwa kwa ajili ya GCC, hatafaidika kuuliza ni toleo gani lililoponywa, kwa maana hapakuwa na ugonjwa.

Kwa yale yanayopona, dawa kuu ya kerneli imekuwa kupandisha kizingiti, yaani toleo la chini kabisa la GCC linalokubaliwa kuijengea. Kizingiti kilisimama kwenye GCC 3.2, toleo la mwaka 2002, hadi Agosti 2018, na kwa sehemu ya muda huo kilikuwa ahadi ya maneno tu, kwa sababu kwa aina kadhaa za prosesa kerneli ilikuwa haijengeki tena sawasawa kwa kompaila za zamani hizo. Kikapanda hadi 4.6, mwaka 2020 kikafika 4.8 na punde 4.9, mwaka 2021 kikafika 5.1, na mwaka 2025 kikaruka hadi 8.1. Kila kilipopanda, mistari iliyoanza kwa masharti ya aina ya "kama toleo ni dogo kuliko hili" ilianguka yenyewe, kwa kuwa sharti lisiloweza kutimia halina haja ya kuandikwa. Faida ya kupanda huko si usafi peke yake. Hadi mwaka 2022 kerneli ilikuwa ikiandikwa kwa lahaja ya C ya mwaka 1989 yenye nyongeza za GCC, na miongoni mwa mambo ambayo lahaja hiyo ilikataza ni kutangaza kigeu cha kitanzi ndani ya kitanzi chenyewe, kwa hiyo kigeu kilichotumika kupita katika orodha kilibaki hai baada ya orodha kwisha, kikiwa kimeelekea mahali pasipo na maana, na wapo waliokitumia bila kujua. Kizingiti kilipofika 5.1, njia ya kuhamia sanifu ya 2011 ikafunguka, na kosa la namna hiyo likaweza kuzuiwa na lugha yenyewe badala ya kuzuiwa na macho ya mkaguzi.

Kizingiti kinapopanda, hata hivyo, kuna anayebaki nje, na si rahisi kumtambua ni nani. Si mwenye simu ya Android, ingawa kerneli iliyo ndani ya simu yake ni hiyohiyo ya Linux, kwani hajui kompaila wala haimhusu. Programu humfikia ikiwa imejengwa tayari. Anayebaki nje ni yule anayeijenga kerneli mwenyewe kwa zana alizopewa na kampuni ya vifaa miaka mingi nyuma, au katika seva inayotumia mfumo wa muda mrefu ambao hauruhusiwi kubadilishwa. Ndiyo maana namba hizi hazichaguliwi kwa kutazama GCC mpya ina nini, bali kwa kutazama mifumo ya muda mrefu ilikuja na nini: Red Hat Enterprise Linux 8 ilikuja na GCC 8, na kizingiti cha 2025 kikasimama hapo. Kuna heshima fulani katika utaratibu huo, ingawa haitajwi kwa jina hilo.

Kupandishwa kwa kizingiti mwaka 2018 kulifichua pia jambo ambalo lilikuwa karibu na kichekesho. Clang, kompaila iliyojengwa juu ya mradi wa LLVM ulioanzia Chuo Kikuu cha Illinois, hujitambulisha kwa msimbo unaoiuliza kuwa ni GCC 4.2.1, kwa sababu ilipozaliwa ilikuta programu nyingi haziulizi "wewe ni nani" bali "wewe ni GCC ya ngapi", na kujiita GCC ya kale kulikuwa njia fupi ya kukubalika. Kwa hiyo kerneli ilipotangaza kwamba yeyote aliye chini ya 4.6 asiingie, Clang ilisimamishwa mlangoni kwa kosa la umri ambao haukuwa wake, ingawa tangu mwaka uliotangulia kulikuwa na simu sokoni zenye kerneli iliyojengwa nayo. Katika mwezi uleule ikabidi mafaili ya kompaila hizo yatenganishwe ili kila moja iulizwe maswali yake. Kompaila ya tatu, ile ya Intel, ilikuwa na faili lake pia, lakini faili hilo lilikaa miaka bila kuguswa na marekebisho mengi yakapita yakiitaja GCC na Clang pekee, bila mtu yeyote kulalamika kwamba ujenzi umevunjika. Ukimya huo ndio uliohesabiwa kuwa ushahidi, na mwaka 2023 faili likaondolewa. Ushahidi wa ukimya ni dhaifu katika mambo mengi ya dunia, lakini hapa una nguvu isiyo ya kawaida, kwani mtu anayeijenga kerneli ikamkatalia hanyamazi.

Msafishaji anayetaka ushahidi ulio bora kuliko ukimya hufungua historia. Torvalds alitengeneza Git, programu ya kuhifadhi kila badiliko pamoja na maelezo ya aliyelifanya, mnamo Aprili 2005, na tangu hapo kila mstari wa kerneli unaweza kuulizwa ulitoka kwa nani na kwa sababu gani. Lakini hazina kuu ya kerneli ilianza mwezi huo na toleo la 2.6.12 lililokuwa katika majaribio, likaingizwa lote kwa pamoja kama badiliko moja kubwa, na kwa hiyo mistari iliyozaliwa kati ya 1991 na 2005, miaka ambayo GCC ilipitia mgawanyiko na kuungana tena na kuzaa makosa mengi ya kale, yote inajibu kwa sauti moja: nilikuwapo tayari. Wapo waliokusanya historia ya kabla ya hapo katika hazina za pembeni, na mtafiti mvumilivu hupata humo maelezo ya neno moja au mawili, mara nyingi jina la toleo tu. Kwa mistari hiyo, kuondoa ni kuthubutu: ukaondoa, ukaijenga kerneli kwa kila kompaila inayokubalika na kwa kila prosesa inayopatikana, ukalinganisha amri zilizotoka, ukasubiri.

Mwaka uleule wa 2025, kizingiti kilipopanda hadi 8.1, ilitoka pia GCC 15, ambayo pasipo kuambiwa vingine husoma msimbo kwa sanifu ya C ya 2023, na katika sanifu hiyo maneno matatu, bool, true na false, ni ya lugha yenyewe na hayawezi kutangazwa tena. Sehemu kubwa ya kerneli haikuathirika, kwa kuwa hutaja wazi sanifu inayoitaka. Lakini sehemu ya kuwashia mashine za x86, inayojengwa kwa kanuni zake yenyewe, ilikuwa haijawahi kuitaja, na ikakataa kujengwa. Ikaongezwa humo alama moja fupi, -std=gnu11, na kwa sasa kila anayeiona anajua kwa nini ipo.